Matenga Yanayosikia: Kutoka Muheza Mpaka Mbale

Tangu nirudi nimesimulia safari hii mara saba, na mara zote saba nimekatizwa. Mama Rukia alinikatiza nikiwa Busia, maziwa yake yakachemka. Shemeji Kombo alinikatiza nikiwa Jinja, akaanza kunisimulia yeye safari yake ya Mwanza. Wengine mmesikia mwisho bila mwanzo, ndiyo maana sasa inasemwa hapa mtaani kwamba jeshi la Uganda lilinikamata nikiwa nimejificha ndani ya tenga. Sikukamatwa. Kujificha nilijificha, lakini hilo lina mahali pake. Basi naandika, msome kwa nafasi, na mwenye maziwa jikoni aende akayaepue kwanza.

Mnajua kazi yangu ni kusuka matenga ya machungwa. Mwaka jana, kwenye maonyesho ya kazi za mikono kule Arusha, alisimama mbele ya matenga yangu binti mmoja wa Uganda, jina lake Nangobi. Akayagonga kwa vidole, moja moja, kama mtu anayechagua tikiti maji. Kisha akaingiza kichwa chote ndani ya tenga kubwa, akakaa humo mpaka nikadhani anaumwa. Alipotoka alinieleza kwamba kazi yake ni sauti. Hutengeneza vitu vya kuwasaidia watu kusikiliza mto, upepo na ndege, na huvitengeneza kwa mikono ya mafundi wa asili. Alitaka nimsukie matenga mawili marefu kuliko mtu, yenye umbo la karai, yakandikwe udongo ili yakusanye sauti kama ungo unavyokusanya mchele. Yangekaa kwanza kando ya mto huko Budondo, karibu na Jinja, halafu yangepelekwa Mbale chini ya mlima.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kukataa aliposema Mbale. Nikaufunga.

Mbale ndiko aliko mdogo wangu Mwajuma. Aliolewa huko miaka ishirini iliyopita. Alikuja kwenye msiba wa mama yetu, na siku ya hitima yeye ndiye aliyepika pilau. Mimi nikaonja mbele ya wanawake wote nikasema, "Hii pilau au futari? Kwani huko Uganda mnatia sukari?" Watu wakacheka. Mwajuma akauweka mwiko chini, na kesho yake asubuhi akapanda basi. Ikawa miaka kumi na moja hatusemezani. Salamu zetu zilikuwa zinapitia kwa watoto.

Basi nikamwambia Nangobi, nitakuja.

Muheza mpaka Busia

Ya nauli na pasi siyasemi, hayana utamu. Nitasema tu kwamba ukitaka kujua dunia ni kubwa, beba kisu cha kupasulia mianzi na furushi la fito, uvuke navyo mipaka miwili. Kila mwenye sare alitaka kujua ni la nini.

Busia, upande wa Kenya, afisa mmoja kijana aliniuliza, "Mama, unaenda Jinja kufanya nini?"

"Kusuka."

"Saluni?"

"Hapana. Nasuka masikio."

Akayatazama masikio yangu, kwanza la kulia, kisha la kushoto. "Masikio ya nani?"

"Ya kusikilizia mto."

Akageuka akamwita mwenzake. "Njoo, mama huyu arudie, na wewe usikie."

Nikarudia mara tatu, na kila mara mbele ya watu wengi zaidi. Mwishowe waliniruhusu kwa huruma, kama anavyoruhusiwa mgonjwa. Lakini basi letu lilikuwa limekufa giaboksi, tukaambiwa dakika ishirini. Zilikuwa saa nne na nusu. Mwuza chai wa pale, aliyesikia habari yangu yote, akaja na kigoda na kitana.

"Nimesikia wewe ni msusi," akasema.

"Msusi wa matenga, mwanangu."

"Hakuna tofauti."

Tofauti ipo, lakini saa nne ni nyingi. Nikamsuka kwa mshono ninaoujua: juu mbili, chini moja, na ukingo wa kukunja. Kilipokwisha, kichwa chake kingeweza kubeba machungwa sitini bila kupasuka. Alijitazama kwenye kioo cha pikipiki muda mrefu, akasema huo ni mtindo mpya kabisa, akanipa chai na mandazi matano. Naambiwa sasa Busia wanauita "Kitanga".

Busia mpaka Jinja

Jirani yangu wa kiti alikuwa mzee mmoja wa Iganga, mpole, mwenye kofia ya sufu. Kabla ya kufika kwao, basi lilisimama kwenye kituo kidogo na wachuuzi wakayakimbilia madirisha na kuku wa kuchoma kwenye vijiti na ndizi za kuchoma. Njaa ilikuwa imenishika. Nikatoa kichwa nje na kuita kwa ile sauti yangu mnayoijua, ya kumwitia mtu aliye juu ya mchungwa.

"Wewe binti mwenye kuku! Njoo hapa! Kuku huyu amechomwa lini?"

Kelele zote zikakatika. Wachuuzi wakarudi hatua mbili nyuma. Binti akabana visigino vyake pamoja.

"Leo asubuhi, afande."

"Ameiva?"

"Ameiva, afande."

"Una hakika?"

 Yule mzee akanishika bega, akanivuta ndani taratibu.

"Mama, rudisha kichwa. Wewe natia watu hofu."

"Nimeuliza habari za kuku tu, baba!"

"Najua. Lakini hapa kwetu, zamani, Kiswahili ilikuwa ya askari; mtu akija kwa mlango yako na Kiswahili safi namna hiyo, hakuja kuuliza kuku." Akavua kofia yake, akaitazama, akaivaa tena. Hakucheka, na mimi sikucheka. Kisha akainama dirishani yeye mwenyewe, akasema na yule binti kwa Kisoga, akatununulia sote wawili.

Kuku alikuwa mtamu. Kutoka pale mpaka Jinja niliongea kwa kunong'ona.

Nangobi alikuja kunipokea stendi. Nilipoteremka akapiga magoti palepale kwenye vumbi, maana kwa Wasoga ndivyo binti anavyomwamkia mkubwa wake, akanitazama kwa uso wa upole usio kifani, akasema, "Mama! Simama hapo! Weka chini mzigo! Toka kwa jua, haraka!"

Nikasimama. Nikaweka chini mzigo. Nikatoka kwenye jua.

Arusha tulisaidiwa na mkalimani, kwa hiyo sikuwa nimewahi kumsikia akisema Kiswahili mwenyewe. Njiani akanieleza. "Kiswahili yangu nilitoa kwa baba. Yeye alikuwa askari. Maneno ya pole hakuleta nyumbani." Na ndivyo tulivyoishi wiki tano. Aliniandalia chai kwa tangawizi na kuniambia, "Kunywa sasa hivi!" Jioni alinitandikia kitanda na kuniamuru nilale. Sijapata kutunzwa vizuri namna ile maishani mwangu.

Masese

Uwanja wa kazi wa Nangobi uko Masese, ziwani, mahali pa wavuvi na wauza samaki. Nikaanza kupasua mianzi. Siku ya kwanza tenga lilikuwa kitako tu, hakuna aliyejali. Siku ya tatu lilikuwa limezidi mlango wa nyumba, na wavuvi wawili wakaja wakasimama wamekunja mikono.

"Mama afande," mmoja akasema, maana habari za yule kuku zilikuwa zimeshatangulia, sijui kwa njia gani, "hii mtego ya samaki gani?"

"Si mtego. Ni sikio."

Wakatazamana. Wakaondoka. Kesho yake wakaja tisa.

"Sisi nataka tu kujua," akasema yule wa kwanza, "huyo samaki ameonekana upande gani?"

Ikawa imesambaa Masese nzima kwamba ziwani ameonekana sangara mkubwa kuliko mtumbwi, na kwamba serikali imemleta fundi wa kijeshi kutoka Tanzania asuke mtego. Nilivyozidi kukana ndivyo walivyozidi kuamini, kwa kuwa mwanajeshi hawezi kukubali. Wengine walinihurumia, wakaniletea samaki wa kukaanga ili nisife njaa nikiwa katika siri yangu. Mama mmoja muuza samaki alinikaribia peke yake, akaninong'oneza nimwahidi kichwa cha huyo samaki atakapopatikana, kwa sababu kichwa ndicho chenye supu. Nikamwahidi. Mngefanyaje?

Nangobi hakusaidia kitu. Alizunguka na kipaza sauti chake, kimefungwa kwenye fimbo ndefu na kuvishwa manyoya ya kijivu ili kisinase kelele za upepo. Wavuvi walikiita paka wa fundi. Alikichomeka juu ya mianzi yangu nilipokuwa nasuka, akavaa vidude vyake masikioni, akafumba macho.

"Nini unachosikiliza?" nikamwuliza.

"Mikono yako," akasema. "Iko na wimbo. Endelea! Usisimame!"

Miaka thelathini nasuka, hakuna aliyewahi kuniambia hivyo. Nilikosea mshono mara mbili siku ile.

Budondo

Matenga yalipokwisha tukayapeleka Budondo, shambani, juu ya ukingo wa mto Naili, ili yakandikwe. Huko tulimkuta mfinyanzi anaitwa Nabirye, mwanamke mnene mwenye mikono kama makasia. Akatuchimbisha shimo la kukanyagia udongo na samadi ya ng'ombe: refu kama urefu wa mtu, jembamba, pande zake zimenyooka. Kisha yeye na Nangobi wakaenda kutafuta samadi na kuniacha peke yangu.

Nilikuwa nimevaa baibui langu jeusi. Nimechoka. Nikakaa kando ya shimo, mkono shavuni.

Wanawake wanne wakapita na majembe. Wakaliona shimo. Wakaniona mimi. Wakaweka majembe chini polepole, wakaja wakakaa karibu yangu, na mmoja akanishika mkono akasema, "Kitalo." Sikulijua neno hilo, nikaitikia kwa kichwa. Wakaja wengine. Wakafika kumi na tano. Mmoja wao, mwenye sauti nzuri, akaanza kulia kwa maombolezo.

Mimi nikadhani ndiyo desturi yao ya kuanza kazi ya udongo. Na mgeni kukaa macho makavu wenyeji wakilia ni utovu wa adabu. Basi nikalia. Nilianza kwa heshima tu, lakini kilio kina njia zake: nikamkumbuka mama, nikakumbuka ule mwiko uliowekwa chini, na nikajikuta nalia kweli, na wale wanawake wakanishika pande zote.

Nangobi akatokea na toroli la samadi. Akasimama.

"Nani amekufa?" akaniuliza.

"Mimi ndiye wa kukuuliza wewe!"

Nabirye ndiye aliyeelewa kwanza. Aliketi chini kabisa akacheka mpaka kitambaa cha kichwa kikamdondoka. Kisha akawaeleza wenzake kwamba lile si kaburi, na mimi nikaelezwa kwamba "kitalo" ni pole ya msiba. Yule mwenye sauti nzuri akafuta machozi, akasema neno, Nangobi akanitafsiria: "Anasema, siku ya shamba imekwisha haribika. Leteni hiyo samadi."

Wakakunja nguo, wakaingia shimoni. Waombolezaji kumi na tano waliyakandika matenga yangu yote mawili kabla ya jua kuzama, na Nabirye akayasugua ndani kwa jiwe mpaka yakawa laini kama chungu.

Yalipokauka, tulilielekeza moja mtoni. Unasimama mbele yake, uso ukiwa ndani na kisogo nje. Mwanzoni nilisikia pumzi zangu tu, nikataka kusema sisikii kitu. Nangobi akaniambia, "Nyamaza kabisa!" Nikanyamaza kabisa. Na mto ule, uliokuwa chini huko hatua mia, ukapanda ukaja mashavuni mwangu. Nilisikia maji yakipiga mwamba mmoja na kuukosa mwingine. Nilisikia ndege akichomoka majini. Kisha, ng'ambo kabisa, mtu akisugua sufuria kwa mchanga.

Nabirye naye akaingiza uso, akasikiliza, akasonya. "Huyo ni wifi yangu," akasema. "Anasugua nje tu, ndani hagusi."

Siku ya kuwakaribisha watu tuliyageuza matenga yakatazamana, hatua hamsini katikati. Ukinong'ona ndani ya hili, aliye kwenye lile anakusikia kama umelala begani kwake, ila hakuoni, maana mmepeana visogo. Tuliwaeleza watu, lakini kueleza si kuamini. Bwana mmoja mwenye suti alimnong'oneza mkewe pale ndani, "Twende nyumbani, hii ni upuuzi." Na tenga likamjibu kwa sauti ya Nangobi: "Nenda! Mbio!" Akaenda. Mkewe alibaki mpaka jioni.

Njia ya Mbale

Wa kutubeba mpaka Mbale alipatikana: Hajji Magidu, mfanyabiashara wa Namakwekwe, mtaa wa huko Mbale, ambaye huleta vitunguu na kabichi Jinja na kurudi na lori tupu. Lakini Hajji hapendi utupu. Tulipopitia Masese kunywa chai, yeye aliona matenga mawili makubwa hayana kitu ndani, akayajaza dagaa wakavu mpaka ukingoni.

"Mama, nafasi ni ya Mungu," akaniambia. "Ukiiacha bure, utaulizwa."

Hajji ana Kiswahili kizuri, cha madrasa na soko, ila herufi r na l kwake ni ndugu, hubadilishana nguo. Tulikaa watatu mbele, Nangobi dirishani na paka wake wa manyoya.

"Wewe ni Mutanzania," Hajji akasema tulipopita Iganga. "Basi kwetu hutalala njaa. Pale Namakwekwe tuko na mama mmoja wa Tanga, Mama Shamimu. Anapika pirau. Pirau hiyo, ukikula, unasahau kama umeoa."

Shamimu ni binti wa Mwajuma. Nikatazama mbele.

"Anatia nini?" nikauliza.

"Siri! Mimi nauliza miaka saba, hasemi. Watu wanatoka Soroti kwa ajiri ya hiyo pirau. Mwanamke mupole, hana neno na mtu. Lakini iko na dada yake huko kwao." Akatikisa kichwa. "Huyo dada, mama yangu, ni mutu mubaya."

"Mbaya vipi?"

"Mudomo. Mudomo kama panga. Alitukana pirau mbere ya watu, kwa msiba wa mama yao!"

"Labda siku hiyo pilau ilikuwa mbaya."

Hajji alikanyaga breki katikati ya barabara. Nyuma yetu honi zikapigwa. Akanigeukia mzima mzima.

"Mama. Wewe umeonja pirau ya Mama Shamimu?"

Nikadanganya: "Hapana."

"Basi nyamaza."

Nikanyamaza mpaka Tirinyi.

Huko, kwenye bonde la mpunga, tairi lilipasuka. Hajji alipokuwa chini ya lori, wakaanza kushuka korongo, wale wakubwa wenye vipara na shingo za kuning'inia, wakatua juu ya matenga na kuanza kula dagaa bila haraka, kama wageni walioalikwa. Mimi nikachukua fito niwafukuze. Nangobi akanizuia, "Wacha!" akapanda juu ya lori na kipaza sauti chake ili anase milio ya midomo yao. Korongo mmoja akakitazama kile kitu cha manyoya, akainamisha kichwa, akakivua manyoya yake yote kwa mdomo, akaruka nayo kuelekea mpungani.

"Rudi!" akapiga kelele Nangobi, machozi yakimlenga. "Rudi hapa! Ni amri!"

Korongo hakujua Kiswahili. Hajji alitoka chini ya lori, akawatazama dagaa wake waliobaki, akasema hii ni safari ya kwanza ambayo nafasi ya Mungu imechukuliwa na wenyewe.

Mbale

Tuliyasimamisha matenga kwenye kiwanja cha shule nje kidogo ya mji, mkabala na mlima wa Wanale, unaosimama juu ya Mbale kama ukuta na maporomoko ya maji yakining'inia kama nyuzi nyeupe. Tuliyaosha kwa majani na majivu. Haikusaidia. Yalinuka dagaa mpaka barabarani, na asubuhi ya siku ya kufungua kila tenga lilikuwa na paka wanne, wa kweli, wamekaa ndani wakilamba udongo.

Watu walikuja hata hivyo. Walijipanga foleni mbili, wakasikiliza maporomoko huku wameziba pua. Adhuhuri tukayageuza matenga yatazamane. Nangobi akaniambia chakula kinakuja. Hajji amemwagiza mpishi bora wa Namakwekwe.

Sikuwa na muda wa kufikiri. Lango lilifunguka na sufuria tatu zikaingia juu ya toroli, na nyuma yake mwanamke mfupi katika leso ya manjano, ananyoosha mkono kuelekeza njia kama mama alivyokuwa akinyoosha. Miaka kumi na moja nilikuwa nimetunga maneno ya siku hiyo. Yote yalinitoka. Nikafanya ambacho mmesikia: nikamsukuma bwana aliyekuwa zamu yake, nikamtoa paka, nikaingiza uso kwenye tenga, kisogo nje, nikatulia.

Nikasikia sauti ya Hajji, karibu kabisa na shavu langu. Alikuwa amempeleka kwenye tenga la pili.

"Sema chochote, Mama Shamimu. Inaenda murimani, inapotea. Musengenye hata yule dada yako, hakuna atakayesikia." Kisha nyayo zake zikaondoka.

Mwajuma akakohoa. Akasema "Hodi" kwa sauti ndogo, akajicheka. Halafu nikasikia anavuta pumzi.

"Dada," akasema. "Nilifika mama ameshazikwa. Nimetoka hapa na kilio tumboni, nimefika nyumbani miguu imevimba, nikaingia mlangoni, na hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza nimefikaje. Mlinipa vitunguu nimenye." Akavuta kamasi. "Na sukari kweli nilitia. Nilidhani chumvi. Nilikuwa sioni kwa machozi."

Ndugu zangu, mnanijua. Miaka kumi na moja watu wameniambia nilimsingizia, na sasa mwenyewe amekiri sukari. Neno lilifika hapa, kwenye meno: *Nilijua!* Nililishika kwa ulimi. Nilikuwa nimepita njia ile ile nimeketi ndani ya basi, mchana, kwa raha zangu, na bado mgongo ulikuwa unaniuma. Yeye aliipita akiwa amefiwa, na sisi tukampa vitunguu.

Nikanong'ona, "Ulifikaje?"

Nikasikia leso ikigusa udongo, kama mtu aliyegeuka ghafla kutazama nyuma.

"Nani huyo?"

"Mwantumu. Nakuuliza, siku ile ulifikaje?"

Nilidhani atakimbia. Nilisikia udongo ukikwaruzwa, nadhani alilishika tenga lisimdondokee, au yeye asidondoke. Kisha akaanza, kwa hasira, haraka haraka. Simu ilimfikia asubuhi yupo sokoni. Basi la kwanza lilijaa, akapanda lori la kabichi mpaka Busia, juu ya kabichi, na mvua ikamnyeshea. Nairobi alikosa basi kwa sababu alimsimamia mzee mmoja aliyezimia, hakuweza kumwacha. Mombasa alikula muwa tu. Na kila mahali aliposimama alimwambia mtu asiyemjua, mama yangu amekufa, ili walau mtu mmoja ajue.

Nilisema "ehe." Nilisema "ikawaje?" Basi.

Nyuma yangu foleni ikaanza kuchemka. Yule bwana niliyemsukuma akasema huyu mama amelala humo. Upande wa pili nao walikuwa wanalalamika. Nikasikia Nangobi akija mbio, nikajua ananiondoa. Amenieleza baadaye kwamba alinitazama mabega, akamtazama Mwajuma mabega, akaelewa. Akavua vidude vyake masikioni, akazima mashine yake ya kunasia. Halafu akawageukia watu wa Mbale kwa Kiswahili cha baba yake.

"Wote! Kaa chini! Nyamaza!"

Kiwanja kizima kikakaa chini.

Katika kusimulia kwake Mwajuma alikuwa amefika Tanga mjini, anatafuta gari la Muheza, wingu lilipoporomoka kutoka Wanale. Mvua ya huko haitumi taarifa. Watu wakakimbilia madarasani, na nilipogeuka nilimwona yeye hakukimbia. Alikuwa anakuja kwangu, anakatisha kiwanja, leso imemgandama kichwani. Tulikutana katikati. Akanishika kiganja, akakigeuza, akakitazama.

"Mikono imekuwa ya mama," akasema.

 Hajji akatujia huku ameinamisha kichwa, akamtazama yeye, akanitazama mimi, pua zetu mbili zinazofanana. Nikamwona akihesabu kila neno alilolisema kutoka Iganga mpaka Tirinyi. "Ya Rabi," akasema. Na kwa kuwa hakujua afanye nini na aibu yake, aliliinua tenga lililokuwa karibu, peke yake, akalipindua akatufunika nalo. Nangobi akajitupa ndani. Akaingia yule bwana wa foleni, wakaingia wanawake wawili na mtoto mgongoni. Udongo wa Nabirye ulianza kulainika na kutudondokea mabegani, unanuka dagaa na ng'ombe, na mvua ikapiga juu yetu, kwanza kama vidole, kisha kama mtu anayemimina mchele bila kukoma.

Sote tukaisikiliza. Mwajuma alikuwa hajaachia mkono wangu. Hajji akafungua mdomo, nadhani aombe radhi, na mdogo wangu, bila kumtazama, akamkanyaga mguu.